Tangi la lita 100 limejaa mwani: je, pleko atafaa?

Mtoa mada: Habari zenu wanajamvi. Nina tangi la kioo la lita 100, lililo karibu na dirisha la sebuleni, ambamo ninafuga samaki wadogo aina ya gapi pekee. Vioo na mawe hufunikwa na mwani wa kijani, na kila nikiusugua unarudi. Muuzaji wa samaki amenishauri ninunue pleko, samaki mla mwani, ambaye dukani kwake ana urefu wa kidole tu. Maji yangu ni ya kisima, magumu kiasi cha kuacha ukoko mweupe katika birika. Je, nimchukue huyo, au yupo mla mwani anayefaa zaidi?

Fundi Vioo: Ndugu, usimnunue. Pleko wa kawaida, ambaye asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, huuzwa akiwa mdogo lakini hukua kupita sentimita 30, na kadiri anavyokua ndivyo anavyopunguza kula mwani na kuongeza kinyesi, ambacho ni mbolea ya mwani huohuo. Tafuta ansistrasi, jamaa yake mwenye vindevu puani, ambaye huishia takriban sentimita 12 na huyazoea maji magumu. Muwekee kipande cha gogo, kwa kuwa hupenda kulikwangua.

Mama Gapi: Naye mwani ukimwishia, mpe jioni kipande cha tango au mchicha uliochemshwa kidogo, kisha utoe mabaki asubuhi.

Mkaazi wa Kigoma: Huenda mtu akakushauri uchukue trofeusi wa huku Ziwa Tanganyika, kwa sababu hula mwani wa mawe na hupenda maji magumu. Hilo ni kweli, lakini ni mkali, hufugwa kwa kundi kubwa katika tangi kubwa kuliko lako, na utumbo wake mrefu hauvumilii chakula chenye nyama nyingi. Hata hivyo, chanzo cha tatizo lako nakiona dirishani. Lisogeze tangi mbali na jua, washa taa kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, punguza chakula, na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Bila hayo, hakuna samaki atakayeushinda mwani huo.

Mtoa mada: Nashukuru sana. Je, ninunue ansistrasi mmoja au wawili?

Fundi Vioo: Mmoja anatosha. Madume wawili watagombania pango, na dume utamtambua kwa vindevu virefu, ilhali jike huwa navyo vifupi au hana kabisa.