Napimaje kunawa mikono kwa upasuaji? Cheklisti imeniangusha

MkufunziPwani: Habari zenu wakuu. Nasimamia mtihani wa vitendo, wanafunzi wa uuguzi 34. Karibu wote walipata alama zote. Juzi, chumba cha upasuaji, namwona mmoja wao kanawa vizuri kabisa, kisha kafunga bomba kwa kiganja, huyoo anaenda kuvaa gauni la upasuaji! Cheklisti yangu haina hata mstari wa bomba. Nyie mnapimaje?

NesiMkongwe: Pole mkuu. Acha kutazama karatasi, tazama maji. Vidole juu, maji yadondokee kiwikoni. Akishusha mikono, maji ya mkononi yanarudi vidoleni. Anaanza upya, hata kama kabakiza sekunde tano. Na muda usizidishe: WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataja dakika 2 hadi 5. Hizo 10 za enzi zetu zilituchubua ngozi bure.

MwakaWaTatu: Sisi mwalimu alituvalisha glovu, akatufunga macho, akatupatia rangi badala ya sabuni. Nilijiona fundi. Kufungua macho, kidole gumba cha kulia cheupe pee!

MkufunziPwani: Hiyo ya rangi naiiba, Jumatatu naanza nayo. Ila bomba nalipimaje, maana letu la kufunga kwa kiwiko limekufa?

NesiMkongwe: Mwenzake asimame pembeni afunge. Mwanafunzi asipomwita kabla ya kuanza, mkate alama hapo hapo. Pete na saa je, unakagua mlangoni au wakishalowa?