Mrejesho: soya za malisho kwa ajili ya kulungu, Missouri (Marekani)
Wakuu, salaam. Mwezi wa nne niliuliza nifanyeje kulungu wasimalize soya za malisho zikiwa bado changa, maana kashamba kenyewe hakafiki hata ekari moja. Mlionishauri uzio wa umeme, asanteni sana, umefanya kazi!

Nilisubiri udongo ufike joto la nyuzi 16 hivi, nikachanganya mbegu na bakteria wa rizobiamu (wale wanaoishi kwenye mizizi ya soya), nikapanda. Juzi nimeng'oa mche mmoja: mizizi imejaa vinundu, ukipasua kimoja ndani ni chekundu, yaani bakteria wanavuta naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Aliyenikataza mbolea ya naitrojeni, Mungu akubariki.

Sasa zimenifika kiunoni. Uzio nautoa mwishoni mwa Agosti. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unaanza katikati ya Septemba.