Naomba ushauri: mchezo wetu wa nchi ya vibali hauchekeshi wala hautishi

Kijana_Ngarenaro:
Wakuu salaam. Tunaandaa mchezo wa jukwaani wa dakika 20, waigizaji watano, hapa Arusha. Ni nchi ambako kila raia lazima akikatie kivuli chake kibali. Afisa anafoka, raia analia, mwisho anafungwa. Mbona umepoa?

Karani_Mstaafu:
Ni huyo afisa anayefoka. Akifoka tu, mtazamaji keshajua mbaya ni nani na anaacha kufikiri. Mfanye mpole. Amwamkie mzee shikamoo, amvutie kiti, kisha amweleze kwamba fomu imekosa muhuri. Muhuri uko dirisha la pili, na dirisha la pili linataka fomu iliyokwisha pokelewa la kwanza. Mzungushe mara tatu: ya kwanza watacheka, ya pili watacheka zaidi, ya tatu ukumbi utanyamaza. Ukiongeza ya nne watatoa simu.

Na msibuni mno. Kenya ya mkoloni, kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha mwanamume Mwafrika, kilivaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Romania, kuanzia 1983, mwenye taipureta aliisajili polisi na kupeleka sampuli ya herufi zake kila mwaka. Mwaka huohuo hapa kwetu ilikuja Sheria ya Nguvukazi, watu wakakamatwa mitaani Dar kwa kukosa kitambulisho cha kazi. Chukueni kimoja, mkisogeze hatua moja tu.

Dada_Vifaa (Moshi):
Mdogo wangu, kivuli chenyewe hamjakitumia! Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba jua linakaa utosini, saa sita na nusu hivi mchana, na kivuli kinaingia chini ya miguu. Sheria iseme kivuli kisipungue sentimita 30. Siku hiyo mji mzima una kosa, pamoja na afisa na rula yake.

Taa iwe moja. Mkiwasha mbili, kila mtu anapata vivuli viwili na mchezo umeharibika. Anzeni nayo chini, mbele ya jukwaa, ili vivuli virefuke ukutani. Mchana ukifika, izimeni na muwashe ya juu ya kichwa. Muhuri wa mbao ugongwe kwenye karatasi moja juu ya meza tupu. Mkiweka daftari chini yake, sauti inamezwa.

Kijana_Ngarenaro:
Asanteni sana. Sasa raia afungwe au asifungwe?

Karani_Mstaafu:
Asifungwe. Apewe tarehe ya kurudi: 1 Oktoba, saa sita na nusu.