Mzee mzima anatafuta katuni?! Yule jamaa wa muvi leo kanivunjia heshima

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji. Wa Dodoma mnamjua, yule anayeweka muvi kwenye flashi kule Majengo, mwenye spika kubwa kuliko duka lenyewe.

Avatar ya kuchora, ile ya Aang, kijana anayetawala upepo, maji, udongo na moto, nimeimaliza vipindi vyote 61, nikarudia mpaka nikazoeana na yule nyati anayepaa. Ikaja ya Korra, Avatar aliyemfuata Aang, ikaisha 2014. Halafu kimya, zaidi ya miaka kumi! Februari 2025 ndipo wakatangaza Seven Havens, vipindi 26: binti anayetawala udongo, anayerithi baada ya Korra, dunia imeshasambaratika, na sasa ukiitwa Avatar watu wanakuona mharibifu, si mkombozi. Na ana pacha aliyepotea! Mtu utalalaje?

Jana namuulizia, ananijibu, "Muendelezo upo bosi, wote, elfu tatu." Leo nikapanda boda toka Nkuhungu na upepo huu, nimefika nina rangi ya tembe. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikakaanga bisi, nikafungua. Kumbe ni ile filamu nyingine inayoitwa Avatar, WATU WA BLUU WENYE MIKIA!

Nikarudi. Nikamwambia kwa adabu, kaka, hii siyo. Akapunguza mziki. Yaani alipunguza mziki ili wote wasikie! Akasema: "Mzee mzima na ndevu zako unatafuta katuni? Mlete mwanao aje achague mwenyewe."

Mbele ya wadada watatu wa chuo. Na muuza karanga. Muuza karanga kacheka mpaka karanga zikamwagika.

Mwanangu ana miezi minne, wakuu.

Katuni! Yule mzee Iroh wa kwenye Avatar ya Aang amekaa chini ya mti, anaimba huku analia kwa ajili ya mwanawe aliyefia vitani, hiyo ndiyo achague mtoto wa miezi minne? Hela abaki nayo. Ila mziki kwa nini apunguze?

Vumbi la Nzuguni: Pole mkuu. Ila karanga zimenimaliza.

Mnyaturu Mpole: Elfu tatu umetoa bila kuangalia hata dakika moja pale pale dukani? Na wewe bwana!

Kaka Ihumwa: Jina hilo liliwasumbua hata Marekani. Wale wa bluu walitoka 2009, na filamu ya kina Aang ya 2010 ikabidi iitwe The Last Airbender tu, neno Avatar likaondolewa.

Mleta mada: Hiyo ya 2010 usiitaje kwenye uzi wangu. Nina hasira tayari.

Binti Social: Mimi ni mmoja wa wale wadada 😂 Tulicheka kidogo tu. Sisi tulienda kudai tamthilia yetu ya Kikorea, katukatia kipindi cha mwisho! Mpaka leo sijui kama waliooana ni wale.

Mleta mada: Dada yangu, alipunguza mziki au hakupunguza?

Binti Social: Alipunguza.

Vumbi la Nzuguni: Huyo afadhali. Kuna wa zabibu pale stendi, nimenunua boksi nipeleke Dar kwa mama mkwe. Juu zabibu, chini siki!

Mama Wawili Kikuyu: Yule mwenye kofia ya kijani? Ananijua huyo! Kilo yake gramu mia saba.

Mnyaturu Mpole: Singida kwetu alizeti hatupunji mtu.

Mama Wawili Kikuyu: Asali yenu je, ile ya sukari guru? Nyamaza kabisa.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Ndevu zangu zimemkosea nini?

Kaka Ihumwa: Vumbi, si Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka? Ulinunua mwezi gani?

Vumbi la Nzuguni: Wa nane. Na mama mkwe alionja.