Ukoo wa Temeke

07:12 Mama Zai: Asalaam aleikum. Waliobeba samaki wa jana, msiwape watoto. Zai na Farhan wanaharisha tangu usiku.

07:15 Mama Zai: Si kuharisha kwa kawaida. Ni mafuta, rangi ya mawese, yanatoka mtoto hana habari. Nimefua mashuka matatu.

07:40 Mama Zai: Naona tisa mmeshasoma. Jibuni!

08:03 Kassim: Farhan leo bajaji haimfikii 😂😂

08:04 Mama Zai: Kassim, mtoto analia.

08:20 Da Rehema: Poleni. Wana homa? Damu chooni?

08:22 Mama Zai: Hapana. Tumbo linasokota tu.

08:26 Da Rehema: Kuna samaki mafuta yake ni kama nta. Tumbo haliyasagi, yanapita yalivyo. Hata umkaange vipi. Japani wamepiga marufuku asiuzwe. Wape maji kidogo kidogo, na ORS kwa kipimo cha kwenye pakiti. Wakilegea au macho yakiingia ndani, hospitali, usisubiri.

08:41 Mama Zai: Kaka Side, ulisema nguru.

09:30 Side: Muuzaji wa Feri ndiye alisema nguru, vipande vimeshakatwa. Ningepewa hela kamili ningeleta samaki changu. Na mchango wa arobaini ya Baba hadi leo haujasomwa.

09:31 Mama Zai: Usianze.

09:33 Side: Nimeuliza tu.

10:05 Kassim: Bibi yuko hapa, ananiambia niandike. Side, ngozi ilikuwaje?

10:09 Side: Nyeusi nyeusi. Inakwaruza kama msasa.

10:14 Kassim: Bibi anasema: Nguru ngozi yake nyororo, na wewe umekulia pwani. Huyo ni nesa. Kwetu Ngazija Baba alimvua usiku, kilindini, kwa ngalawa, na sisi watoto hatukupewa. Ni haluli yule, kama dawa ya kuharisha. Side, kamwombe radhi mama wa watoto, uende kwa miguu yako. Na hesabu ya arobaini isomwe.

10:52 Side: Nimesikia Bibi. Nakuja jioni.

11:00 Mama Zai: Hitima ya Ijumaa basi tupike kuku. Elfu kumi kila nyumba. Nani analeta?

13:20 Da Rehema: Mimi nimo.

18:35 Mama Zai: Wengine?

21:47 Shangazi Mbagala: Samaki gani? Ndiyo kwanza nashika simu. Wangu nimewapikia wajukuu mchana.

21:48 Mama Zai: Shangazi pokea simu