Shughuli za wanafunzi chuoni zinafifia kila muhula: tupange vipi saa, pesa na huduma?

waziri_gildi ameuliza:

Habari zenu wakubwa. Baraza letu jipya la gildi (serikali ya wanafunzi) limeapishwa katika chuo cha ufundi huku mashariki mwa Uganda. Wengi wa wanafunzi wetu hawalali chuoni. Wamepanga mjini au wanatoka kwao kila asubuhi. Klabu tunazo: netiboli, ujasiriamali, Kiswahili, Msalaba Mwekundu. Lakini mikutano yote ni saa kumi na moja jioni, na wanaofika ni walewale wachache wa bweni. Tamasha la utamaduni huangukia wiki ya mwisho kabla ya mitihani, na pesa zake hutoka zikiwa zimechelewa. Mnasihi yupo, ila hakuna anayebisha hodi kwake. Wenzangu barazani wanasema wanafunzi wa siku hizi hawana moyo. Mimi siamini hivyo. Nyinyi mnaojua kuendesha masuala ya wanafunzi, tuanzie wapi?

mpanga_ratiba amejibu:

Mheshimiwa waziri, hujakosea kutoamini. Mwanafunzi anayelala nje huanza kuhesabu nauli ikifika saa kumi na nusu. Saa moja na nusu usiku giza limeshaingia, mwaka mzima, na bodaboda wamepandisha bei. Binti anayeishi kilomita nne kutoka chuoni hatabaki kwenye mkutano wa klabu unaoanza saa kumi na moja na kwisha saa kumi na mbili na nusu, hata aipende klabu namna gani.

Dawa ni kuomba saa mbili za pamoja ndani ya ratiba ya masomo, siku moja kwa wiki, ambazo idara zote hazifundishi. Jumatano saa nane hadi saa kumi ndiyo rahisi kuipata. Ombi liandikwe na gildi, lipitie kwa Mkuu wa Wanafunzi, lifike kwa mwalimu mkuu wa taaluma wakati wa likizo, kabla ratiba haijabandikwa. Hapo ndipo wengi hukwama: wanaomba wiki ya tatu ya muhula, karakana zimeshagawanywa kwa zamu. Ukisogeza somo moja la uchomeleaji unagusa umeme na ujenzi pia, kwa sababu walimu na vifaa ni vilevile. Hakuna mkuu wa idara atakayekubali, na ana haki.

Kalenda nayo ina mlango wake. Muhula wa kawaida una wiki 15 za masomo na 2 za mitihani. Wiki mbili za mwanzo watu wako mbioni na malipo na usajili, msiitishe mikutano. Wekeni meza ya klabu palepale kwenye foleni ya usajili, na daftari la majina na namba za simu. Wiki ya 3 hadi ya 7 ndiyo ya kufanya kazi kwa nguvu zote. Baada ya hapo majaribio huanza, na kuanzia wiki ya 12 kila mtu ana mradi wa kumaliza. Tamasha la utamaduni liwe wiki ya 6 au 7. Na kwa kuwa mvua za upande wa Mlima Elgon hupenda kunyesha alasiri, msilipange uwanjani bila ukumbi wa akiba.

mama_kantini amejibu:

Nakubaliana na mpanga_ratiba kuhusu kila kitu isipokuwa saa nane kamili. Chakula cha mchana hakimaliziki saa nane penye dirisha moja la kugawia. Wa mwisho kwenye foleni anapata posho (ugali) yake saa nane na robo. Anzeni saa nane na nusu, au mwombe jikoni wafungue dirisha la pili siku hiyo moja.

Mkitaka kulisha watu siku ya tamasha, hesabu ya watu 200 ni kilo 60 za unga wa posho na kilo 25 za maharagwe makavu. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Yasipolowekwa yatakula kuni mara mbili na chakula kitatoka jioni. Mkitaka pilau, kilo moja ya mchele hutosha watu wanane, basi ni kilo 25. Wachezaji wa ngoma wale kabla ya wageni. Kadodi, ngoma ya Wagisu, haichezwi na mtu mwenye njaa.

mhasibu_wa_vyuo amejibu:

Niseme kuhusu pesa, maana hapa ndipo mabaraza mengi hufa wakidhani wanahujumiwa.

Ada ya gildi hulipwa pamoja na ada nyingine, na kwa chuo cha umma inapita kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ile PRN. Haiingii mfukoni mwa gildi. Ipo kwenye akaunti ya chuo na inatoka kwa bajeti. Kwa hiyo shughuli ambayo haimo kwenye bajeti ya mwaka haina pesa, hata kama wanafunzi wote wamelipa. Kazi ya kwanza ya baraza jipya ni kumwomba mhasibu wa chuo nakala ya fungu la gildi lililoidhinishwa, kifungu kwa kifungu, na kiasi kilichokwisha tumika. Someni kabla ya kuahidi chochote kwa wanafunzi.

Kisha ombi la pesa. Liandikeni wiki nne kabla ya siku yenyewe. Linahitaji: jina la shughuli na tarehe, mchanganuo wa bei kwa kila kitu, sahihi ya waziri husika na rais wa gildi, sahihi ya mlezi wa klabu, halafu Mkuu wa Wanafunzi. Vyuo vingi vya umma havimkabidhi mwanafunzi fedha taslimu. Hupewa mtumishi, mara nyingi mlezi wa klabu, naye ndiye anayedaiwa hesabu. Kama mlezi wenu bado ana hesabu ya nyuma ambayo hajairudisha, ombi jipya halisogei. Mtauliza kila siku na mtaambiwa "bado." Ulizeni mapema, kwa adabu, kama mlezi yuko safi kwenye vitabu.

Vitu vikubwa kama mahema, viti na vipaza sauti havinunuliwi wala kukodiwa kwa mdomo. Sheria ya manunuzi ya umma ya 2003 inakihusu chuo chenu. Pelekeni maelezo kamili kwa ofisi ya manunuzi: mahema mangapi, ya ukubwa gani, kwa saa ngapi, usafiri juu ya nani. Mkiandika "mahema ya kutosha" barua itarudi.

Jambo linaloleta ugomvi siku ya tamasha ni kodi ya zuio. Chuo cha umma kikimlipa mtoa huduma zaidi ya shilingi 1,000,000, hukata asilimia 6 na kuipeleka URA, isipokuwa mtoa huduma awe na barua ya msamaha. Mwenye mahema aliyekubaliana nanyi 1,200,000 atapokea 1,128,000. Asipoelezwa mapema ataona mmemwibia 72,000 na anaweza kung'oa hema wageni wakiwa wamekaa. Mwambieni mwanzoni, na mhakikishe anapewa cheti cha makato, kwa sababu atakitumia kupunguza kodi yake mwenyewe. Kugawa malipo vipande viwili ili kukwepa kiwango hicho ni kosa, msikubali kushauriwa hivyo.

Risiti: kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT, daini ya EFRIS, yaani risiti ya kielektroniki ya URA. Kwa mama anayewauzia ndizi sokoni, karatasi iliyosainiwa yenye jina, namba ya simu, kiasi na tarehe. Mkituma pesa kwa simu, kumbukeni kwamba anayetoa fedha hukatwa ada ya mtandao na kodi ya asilimia 0.5. Kwenye 1,000,000 kodi peke yake ni 5,000. Wekeni kifungu cha gharama hizo kwenye bajeti, la sivyo mtafidia kwa malipo ya wachezaji. Rudisheni hesabu ndani ya wiki moja, risiti zikiwa zimebandikwa kwenye karatasi nyeupe kwa mpangilio wa tarehe. Mwekeni mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni risiti tu.

muuguzi_wa_kampasi amejibu:

Ndugu waziri, kuhusu mnasihi. Nenda ukaangalie chumba chake kilipo. Kikiwa kwenye korido ya utawala, kila anayeingia anaonwa na walimu, na kesho ataulizwa ana shida gani. Ombeni kihamishiwe karibu na zahanati au maktaba, mahali ambapo mtu ana sababu nyingine ya kupita. Bandikeni saa zake mlangoni, zikiwemo za mchana wakati watu hawana vipindi. Wekeni njia ya kuomba miadi kwa ujumbe wa simu. Na mlangoni pasiandikwe "wenye matatizo" wala lolote linalofanana na hilo.

Wawakilishi wa madarasa wafundishwe na mnasihi namna ya kutambua mwenzao aliyeelemewa: aliyeacha kula, asiyelala, anayegawa vitu vyake, anayesema hana sababu ya kuishi. Huyo haachwi peke yake na hasubirishwi mpaka Jumatatu. Anasindikizwa kwa mnasihi au muuguzi siku ileile, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Mwakilishi hafanyi unasihi mwenyewe. Anasikiliza, anasindikiza, na hatangazi kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa klabu ya Msalaba Mwekundu, kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni kuchangia damu. Benki za damu nchini zinategemea sana wanafunzi, na shule zikifungwa upungufu huonekana mahospitalini. Mbale kuna benki ya damu ya mkoa. Andikeni barua mapema kuomba timu. Chuo kitoe chumba chenye hewa na mwanga, meza, viti, maji na pazia la faragha. Mchangiaji awe ametimiza miaka 17, na wenye uzito chini ya kilo 45 watarudishwa. Mwanamume husubiri miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, mwanamke minne. Wanaozimia mara nyingi ni wale waliokuja bila kula, kwa hiyo pangeni baada ya chakula cha mchana na muwe na soda na biskuti. Siku hiyo hiyo pasiwe na mechi.

waziri_gildi:

Nimepata mengi, ahsanteni sana. Mhasibu, nitaanza na nakala ya fungu. Moja tu limebaki: netiboli. Hatuna milingoti, na mwenye duka mjini ametaja bei ambayo fungu letu haliiwezi. Karakana ya chuma tunayo. Inawezekana kutengeneza wenyewe?

kocha_wa_netiboli amejibu:

Inawezekana, na iwe zoezi la darasa la uchomeleaji ili kazi isilipiwe. Vipimo ni hivi. Ringi iwe mita 3.05 kutoka ardhini, kipenyo cha ndani milimita 380, ya nondo laini ya milimita 15. Isogee mbele ya mlingoti milimita 150. Mlingoti ni bomba la kipenyo kati ya milimita 65 na 100, na sehemu yoyote ya kitako isiingie uwanjani.

Usimwage zege juu ya mlingoti wenyewe. Chimba shimo, weka kipande cha bomba pana kidogo chenye urefu wa sentimita 60, kimwagie zege, kisha mlingoti uchomekwe ndani na kufungwa kwa bolti. Ukiisha mchezo mnauchomoa na kuufungia stoo, maana chuma kinachobaki nje wakati wa likizo hakikawii kuuzwa kama chakavu. Kwa mpango huo kila mlingoti unahitaji mita 3.65. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, basi nunueni mawili, na vipande vya mita 2.35 vinavyobaki vifanyeni miguu ya mabenchi ya watazamaji.

Uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25. Eneo la kuegesha magari linatosha, ila likiwa na kokoto lifagiliwe kila mara. Kifundo cha mguu huteguka hapo kuliko mahali popote. Chora mistari kwa rangi, siyo chokaa, kwa sababu chokaa hufutwa na mvua moja tu. Kabla ya kupaka rangi ringi, zungusha kidole pande zote kwenye kiungo cha kuchomelea. Ukisikia ncha, isage kwa tupa, la sivyo itapasua mipira.

fundi_sauti amejibu:

Nyongeza kwa tamasha, kwa sababu umeme huzimika katikati ya ngoma na watu hulaumu Mungu. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba takriban wati 3,000. Spika mbili za wati 500 na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) haziilemei. Kinacholemea ni birika la umeme la wapishi au pasi ya wacheza ngoma iliyochomekwa kwenye waya huohuo. Wapeni wapishi soketi yao ya mbali. Waya wa kurefushia ufunguliwe wote kutoka kwenye kigurudumu. Ukibaki umejikunja huku ukibeba mzigo mkubwa, hupata joto na kuyeyuka. Jenereta ya akiba ya kVA 5 inatosha. Iwekwe nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na ukumbi, na iwashwe kwa majaribio asubuhi ikiwa na mzigo wote, siyo tupu.