Chapa za mbao za Japani: wachonge Hokusai tena, au wachonge vya leo?

Mtoa mada: Wakuu, hili naomba tulijadili kwa kina. Wimbi Kuu la mchoraji Hokusai, picha ya mwaka 1831 hivi, hadi leo linachongwa upya kwenye vibao vya mcheri na kupigwa chapa kwa mkono jijini Tokyo. Lakini mwaka 2012 Mmarekani Jed Henry aliungana na David Bull, mchongaji Mkanada anayeishi Japani, wakatoa chapa za wahusika wa michezo ya video kwa mtindo uleule wa kale. Wapo wanaoona huko ni kuuchafua urithi. Mimi naona ndiko kuuhuisha. Enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) picha hizi zilikuwa bidhaa za mtaani: waigizaji wa kabuki, yaani tamthilia za jadi za Kijapani, wacheza sumo, warembo waliokuwa wakivuma mjini. Mchapishaji alitafuta kitakachouzika. Kama leo kinachovuma ni mchezo wa video, kwa nini kisichongwe?

Mchangiaji: Mkuu, hebu tazama kwa karibu chapa ya Utamaro, mchoraji wa enzi hizo za Edo, pale nywele za mwanamke zinapoanzia kwenye paji la uso. Kila unywele ni ukingo wa mbao ulioachwa umesimama baada ya kisu kupita huku na huku. Kisu kikiteleza kidogo tu, unywele umekwenda. Kwa wachongaji wa leo, shule ya mkono huo ni kazi za kale. Taasisi ya Adachi, ya chapa za mbao jijini Tokyo, inawafunza vijana kwa kuzichonga upya, na nadhani ndiyo njia salama. Soko la mitindo likipoa, nani atabaki na ujuzi?

Mtoa mada: Kwenye mafunzo niko nawe, ndugu yangu. Ila mchapishaji Watanabe Shōzaburō naye alianza kwa kunakili kazi za kale, kisha mwaka 1915 akaanza kuagiza michoro mipya. Tetemeko la 1923 likateketeza duka lake na vibao vyake, naye akaanza upya, na mchoraji wa mandhari Kawase Hasui akaendelea kumchorea. Asingethubutu kuagiza vipya, Hasui tungemjulia wapi?

Mchangiaji: Hasui alichora mahekalu na theluji, mkuu, na chapa zake nyingi zilinunuliwa na Wamarekani waliotamani Japani ya zamani. Upya huo ulijaa ukale!

Mtoa mada: Sawa, lakini fedha yao ilimlipa mchongaji na mpiga chapa, watu ambao majina yao hayajulikani kama la Hasui. Kijana anayejifunza leo anahitaji miaka mingi mkono ukomae. Wanaotaka achonge vya kale pekee watuambie: miaka hiyo yote atalipwa na nani?